Msaada: vipimo viko sawa lakini samaki wa baharini wanahema juu juu

Kioo_Upanga: Wakuu, nina tangi la lita 120 la maji ya bahari. Nina mwezi tangu nitie samaki wawili na tumbawe laini moja. Tangu juzi samaki wanahema haraka haraka na tumbawe limejikunja. Jana asubuhi nimepima: sumu za uchafu wa samaki ni amonia 0, nitriti 0, nitrati 5; pH (kipimo cha asidi) 7.9, joto 28. Chumvi nilipima siku ya kwanza, 1.025 (uzito wa maji ukilinganisha na yasiyo na chumvi). Sijarudia, chumvi si ndiyo ile ile? Dukani wananiambia nimwage yote nianze upya.

Bi_Pweza: Usimwage kitu. Maji yakipungua unajazia nini?

Kioo_Upanga: Ya bahari, dada. Dumu la lita 5 kila wiki, maana feni inayakausha balaa.

Bi_Pweza: Basi ugonjwa tumeupata. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki humo humo. Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi. Kwa dumu nne umewatilia gramu 700 za ziada. Pima chumvi leo.

Fundi_Matangi: Na hiyo nitrati 5 mimi siiamini. Vipimo vingi vya matone, chupa ya pili usipoitikisa kwa nguvu nusu dakika, dawa inabaki imeganda chini, unapata namba ndogo. Ilinidanganya miezi miwili! pH isikutishe, usiku bila mwanga hewa ya ukaa hujikusanya majini, asubuhi inasoma chini. Pima jioni ulinganishe.

Mchota_Maji: Unachota wapi? Kama ni karibu na daraja la Selander hapa Dar, hama. Mto Msimbazi unamwaga maji machafu pale pale.

Kioo_Upanga: Duh. 1.031! Nitrati baada ya kutikisa imekuja 20. Na ndiyo, nilikuwa nachota upande huo huo. Nishushe chumvi leo leo?

Bi_Pweza: Taratibu, ukishusha ghafla utawaua kwa tiba. Kila siku toa lita 4, rudisha lita 4 za maji baridi yaliyoondolewa klorini (baridi yaani yasiyo na chumvi, si ya friji). Utashuka kama 0.001 kwa siku, siku sita umefika. Kisha bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, na kila siku jazia maji baridi mpaka hapo. Kipimo cha chumvi kisuuze kila ukimaliza. Chumvi ikigandia kwenye mshale kinasoma chini ya ukweli.

Kioo_Upanga: Siku ya tatu leo, 1.028. Tumbawe limefunguka nusu, samaki mmoja amekula. Sasa nina dumu tatu za bahari uani, nizifanyeje?

Mchota_Maji: Zile za Selander? Mwagia choo.