Gauni tatu zote L na hakuna inayolingana na mwenzake, hizi saizi za nguo za kike zinapangwa na nani jamani?

bint_wete

Asalaam alaykum wenzangu, naomba mnisaidie mana mie nimechoka. Nipo Wete, Pemba, nguo zangu nyingi nanunua kwa wanaouza kwa wasapu mjini Unguja, wananirushia picha nachagua, nalipa kwa simu, mzigo unakuja na boti. Sasa kwa sikukuu hii nimeagiza gauni tatu kwa watu watatu mbalimbali na wote nimewaambia L, kwa vile L ndo navaa tokea nilipoolewa. Ya kwanza imekuja imenikaa kama nimeshonewa. Ya pili haijapita hata mabegani, nimevuta mpaka mshono wa kwapani umeanza kuachia. Ya tatu tunaingia mie na mdogo wangu na nafasi inabaki. Nimezilaza kitandani moja juu ya nyengine, ile kubwa imeizidi ile ndogo kiganja kizima kila upande. Na zote zimeandikwa L!

Nawaambia ukweli ile ya pili imenitia unyonge sana. Nina mtoto wa miezi saba, mwili bado haujarudi vile ulivyokuwa, nikakaa nayo shingoni pale haiteremki haipandi, nikalia. Nikasema basi ndo nimeshaharibika. Kisha naivaa ile ya tatu inanipwaya, sasa nishike lipi, nimenenepa au nimekonda?

Mume wangu yeye shati lake limeandikwa 16, nikaenda kwa fundi jirani nikaazima futi nikapima kola, inchi 16 kamili. Mbona yao inaeleweka na yetu haieleweki? Na mtu kama mie wa mbali nisiyeweza kuingia dukani nikajaribu nifanyeje? Kurudisha ni gharama ya mzigo kwenda na kurudi na sikukuu imebaki siku tisa.

duka_la_mlandege

Waalaykum salaam dada. Pole sana. Mie ni muuzaji, siye niliyekuuzia inshaallah lakini najua hasa kilichotokea mana hata sisi kinatuumiza. Mzigo wetu mwingi ni wa China, tunaufata Kariakoo au tunaagiza wenyewe, na kwenye dazeni moja unaweza kukuta gauni za viwanda vitatu vinne. Kila kiwanda L yake. Sasa mteja ananiuliza L ipo, nikiangalia lebo naona L, namwambia ipo. Hapo ndipo tunapokosea, tunasoma lebo hatupimi nguo.

Kitu kimoja kitakusaidia. Kwenye nguo za China tafuta lebo ndogo nyengine ndani ya mshono wa ubavuni, mara nyingi utakuta imeandikwa kama 160/84A. Ile 160 ni urefu wa mtu kwa sentimita, 84 ni kifua chake kwa sentimita, na ile herufi inasema kifua kimeachana vipi na kiuno. A ni mtu ambae kifua kimezidi kiuno kwa sentimita 14 mpaka 18, Y kiuno ndo kimeingia zaidi, B na C wanazidi kujaa kiunoni. Sasa L ya kule mara nyingi inakuwa 165/88A, na sentimita 88 ni kama inchi 34 na nusu tu. Mwanamke wa hapa aliyezaa mmoja wawili inchi 34 na nusu wapi dada? Usipoingia ndani ya L ile mwili wako hauna kosa lolote, hiyo nguo imekatwa kwa mtu mwengine.

Tokea mwaka jana mie nalaza kila gauni mezani napima kifua na urefu naandika chini ya picha. Inachukua muda kwa kweli, lakini wanaorudisha wamepungua sana.

mitumba_asubuhi

Na wa mitumba tusemeje sisi 😭 mie nazunguka Darajani na Mwanakwerekwe, siku za kufungua belo nakuwepo mapema. Kule unakuta gauni imeandikwa 40 unaiweka begani unaona ndogo, ya pili imeandikwa 40 kubwa. Miaka nilidhani wanabandika tu. Kumbe 40 ya Ufaransa ni kama 38 ya Ujerumani na ni kama 44 ya Italia, na nguo hiyo hiyo Uingereza wataiandika 12 na Marekani wataiandika 8. Belo moja ina nguo za nchi zote hizo. Mie lebo nimeacha kabisa kuangalia, naangalia kitambaa na mshono, kisha nguo naipima kwa kiuno chake shingoni kwangu, kiuno cha sketi au suruali ukikizungusha shingoni ncha zikakutana basi itakufunga. Kwangu mie haijakosea ila kwenye suruali za jinzi zinazovutika.

wifi_yenu

rudini kwa fundi tu. dukani mnatafuta nini?? gauni ya kushonesha hata lebo haina na inakukaa

bint_wete

Wifi kwa fundi nimeenda wa kwanza! Fundi wangu kafunga kupokea vitambaa tokea kumi la kati la Ramadhani, ana vitambaa vya watu vimejaa mpaka mlangoni, na namuelewa. Mwaka juzi alipokea vyote, mie nguo nimeipata usiku wa kuamkia sikukuu haijatiwa zipu.

mwalimu_cherehani

Nimeona mada nikaona nisipite kimya, mana nafundisha wasichana kushona hapa Unguja miaka mingi na swali hili naulizwa kila nikianza darasa jipya. Mwanangu wa Wete, kwanza futa machozi. Nitakueleza kwa urefu kidogo uvumilie.

Nguo za wanaume zilitangulia kutengenezwa kwa wingi, kwa sababu ya sare za askari, na zikawekwa kwa vipimo vyenyewe, shingo inchi ngapi, kiuno inchi ngapi. Ndo maana ile 16 ya mumeo ukiipima unaipata. Nguo zetu sisi wakati huo bado tulikuwa tunashona au tunashonesha. Zilipoanza kuuzwa zilizo tayari kila mwenye kiwanda akajipangia namba yake.

Marekani wakajaribu kulitengeneza jambo hili. Mwaka 1939 na 1940 wizara yao ya kilimo ikapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, kazi ikisimamiwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Vipimo 59 kwa mtu mmoja jamani, mpaka mguu na kifundo! Lakini waliotiwa kwenye hesabu ni wanawake weupe peke yao, wengine waliopimwa waliwekwa kando. Kutokana na kazi ile mwaka 1958 serikali yao ikatoa orodha rasmi ya saizi, na namba 8 ya orodha ile ilikuwa kifua inchi 31. Haikuwa lazima kwa kiwanda kuifata, wengi hawakuifata, na mwaka 1983 ikaondolewa. Toka hapo kila mtu na lwake.

Kisha likaja jambo jengine ambalo ndo linaniudhi mie hasa. Wenye maduka waligundua kwamba mwanamke akivaa nguo yenye namba ndogo anafurahi na ananunua, basi wakawa wanakuza nguo na namba wanaiteremsha. Kwenye katalogi za duka la Sears la kule Marekani mwaka 1937 gauni ya kifua inchi 32 iliandikwa 14. Kufika 1967 kifua hicho hicho kimekuwa 8. Kufika 2011 kimeshafika 0. Mtu mwenye kifua kile kile! Sasa weye upo Wete unalia kwa herufi iliyobandikwa na watu wanaoivuta juu na chini vile biashara yao inavyotaka. Hilo haliingii akilini na sitaki msichana wangu yeyote alibebe.

Na hata bila ya hila hizo saizi haiwezi kuwatosha wote. Kiwanda kinachagua mwili mmoja, kinatengeneza gauni ya mwili ule, halafu saizi nyengine zinapatikana kwa kuongeza au kupunguza kiasi kile kile kila pahala, kifua inchi kadhaa, kiuno inchi kadhaa, na hipsi hivyo hivyo. Sisi hatukui hivyo. Mtu ananenepa tumbo mabega yako pale pale, mwengine hipsi zimejaa kifua kidogo. Tena kitambaa kinakatwa tabaka nyingi kwa pamoja, cha juu na cha chini vinaweza kuachana kidogo, kwa hiyo hata gauni mbili za kiwanda kimoja rangi mbili saizi moja zinaweza zisifanane.

Sasa la kufanya. Chukua gauni yako inayokukaa vizuri kuliko zote, isiyovutika, ifue ikauke, ilaze chini pahala pamenyooka bila ya kuivuta. Pima kutoka chini ya kwapa hadi chini ya kwapa, zidisha mara mbili, hicho ndo kifua cha nguo. Kiuno pahala pembamba, zidisha mara mbili. Hipsi pahala papana, vivyo hivyo. Halafu bega kwa bega, urefu wa mkono na urefu kutoka begani hadi pindoni. Andika uweke kwenye simu. Muuzaji yeyote muambie usinitajie L, nilazie nguo unipimie hivi hivi. Bega ndo ulitazame zaidi kuliko yote, kwa sababu upana wa ubavuni fundi anaupunguza kwa saa moja lakini bega likiwa dogo hakuna fundi atakaelikuza.

Usichanganye tu kipimo cha mwili na cha nguo. Mwili ukiwa kifua 38 gauni ya kitambaa kisichovutika inataka 40 au 41, upate kukaa, kunyanyua mkono na kumnyonyesha huyo mtoto.

mpemba_muscat

Mashaallah mwalimu umeeleza. Mie naongeza la abaya mana ndugu zangu wa Chake wananiagiza kila mwaka na kila mwaka wanakosea. Namba za abaya, 52, 54, 56, 58, 60, ni UREFU kwa inchi kutoka begani mpaka chini. Haisemi unene! Mama mdogo wangu ni mfupi ana mwili, akaniambia nitafutie 60 nijitoshe, nikamletea, ikawa inafagia baraza na ubavuni bado inambana. Alikuwa anataka 52 iliyokatwa pana. Kwa hiyo mkiagiza abaya tajeni urefu wenu kutoka begani na upana mbali. Na viatu pia mpimie na viatu mnavyovaa, ukivaa vyenye kisigino ile 54 yako inakuwa fupi.

duka_la_mlandege

Kweli kabisa hili la abaya, naletewa malalamiko kila wiki. Mwalimu naomba ruhusa nichukue maelezo yako ya kulaza gauni niwatumie wateja wangu na wauzaji wenzangu.

mwalimu_cherehani

Chukua mwanangu. Waambie na futi waangalie, zile za plastiki za bei rahisi zinavutika zikizeeka. Ilinganishe na rula ya skuli kabla ya kupimia.

kanga_na_kisutu

Mie nimesoma yote haya nikamkumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu. Kanga doti moja, ukikonda ukinenepa ni ile ile, unakaza tu au unalegeza, na alikuwa na mimba kumi na nguo zile zile. Sikumsikia hata siku moja akisema mwili wake umeharibika.

bint_wete

Wenzangu Mungu akulipeni. Nimefanya kama alivyosema mwalimu, nimetumia ile gauni yangu ya harusi ya dada ambayo naipenda. Imetoka kifua 41, kiuno 37, hipsi 46, bega kwa bega 15 na nusu. Kisha nikapima hizi tatu. Ile nzuri kifua 41, sawasawa na ile ya harusi. Ile kubwa 48! Na ile iliyoniliza kifua ni 36 na bega 13 na nusu, nikachungulia lebo ya ubavuni kama alivyosema dada wa Mlandege nikakuta 165/88A. Yaani nilikuwa najilaumu kwa nguo ya mtu mwengine kabisa. Nimempa mtoto wa kaka yangu yupo darasa la kumi na mbili, imemkaa mashaallah kapendeza.

Ile kubwa nimemuomba fundi anipunguzie ubavuni tu, kakubali kwa kuwa haina kukata, kasema nipeleke kesho baada ya alasiri. Swali la mwisho mwalimu, ile kubwa bega lake ni 17, hilo nalo apunguze au aliwache?

mwalimu_cherehani

Apunguze lakini asikate. Afumue mkono, aingize bega robo tatu ya inchi kila upande, arudishe mkono. Muambie kitambaa cha ndani akiwache kama kilivyo, pengine mwakani utampa mtu. Na mpelekee mapema, kesho asubuhi usingoje alasiri.