Nafunga, naswali, ila kazini tunanunua kwa lumbesa. Hapo taqwa iko wapi?

Kijana_wa_Fuso
Asalaam aleikum ndugu zangu. Kuna jambo linanisumbua toka Ramadhani, mnivumilie nitaandika ndefu kidogo. Mimi niko na bosi mmoja ananunua viazi Njombe anashusha Dar, kazi yangu ni kusimamia ufungaji kule shambani na kuandika daftari. Sasa wanaoijua hii biashara wanaijua lumbesa, gunia likishajaa linashonewa neti juu linajazwa tena mpaka linaota kichwa, vijana wanalitingisha na kulishindilia liingie zaidi, na mkulima analipwa gunia moja tu. Tukifika Dar tunauza kwa kilo. Yaani kununua kwa gunia kuuza kwa kilo, faida iko hapo.

Mzee mmoja alikuwa ameshajipangia magunia yake 10 ya kawaida, tulipofungua na kufunga upya kwa saizi yetu yakatoka 7. Akayahesabu mara mbili, akanigeukia akasema haya mwanangu, andika 7. Nikaandika. Na siku ile nimefunga, midomo imekauka, adhuhuri nikatandika mswala pembeni ya gari nikaswali. Usiku imamu akasoma ile aya ya saumu inayoishia "ili mpate kuwa wacha Mungu", nikaona nasemwa mimi. Naomba kuuliza, taqwa ni nini hasa? Maana ibada nafanya, mbona mkono haukutetemeka kuandika ile 7?

AbuuSumaya
Waaleikum salaam warahmatullah. Mdogo wangu, huko kusumbuka usikudharau hata kidogo. Neno taqwa asili yake ni kujikinga, unaweka kinga kati yako na ghadhabu za Allah kwa kufuata alichoamrisha na kuacha alichokataza. Inasimuliwa kwamba Umar bin Khattab alimuuliza sahaba mwenzake Ubayy bin Kaab taqwa ni nini, Ubayy akamwambia je hujawahi kupita njia yenye miiba? akasema nimepita, akamuuliza ulifanyaje? akasema nilipandisha nguo nikawa naangalia pa kukanyaga. Akamwambia basi hiyo ndiyo taqwa. Sasa wewe miiba yako haiko msikitini, iko pale kwenye neti na sindano ya gunia.

Halafu watu wanaipenda sana ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) akionyesha kifua chake mara 3 akisema taqwa iko hapa, wanaitumia kumaanisha moyo wangu msafi msinihukumu. Hadithi yenyewe iko kwenye kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim, isomeni yote jamani! Mwanzoni inakataza kupandishiana bei kwa hila na kuingiliana kwenye mauzo, na mwisho inataja damu, mali na heshima kuwa haramu. Ni hadithi ya sokoni kabisa.

Dalali_Mzoefu
Mimi naona tunamwonea kijana. Mkulima hajashikiwa panga, amekubali mwenyewe, na bei ya gunia inajulikana kuwa ni ya lumbesa. Ukikataa wewe anakuja mwingine na gunia kubwa zaidi. Isitoshe wengi kule hata sio Waislamu wenzetu, wao wenyewe ndio wamezoea huo utaratibu.

BintiPemba
Kaka yangu Dalali, kwa heshima, hilo la kukubali tuliangalie vizuri. Qur'ani (4:29) inataka biashara ya kuridhiana, na mtu ambaye viazi vyake vimeshachimbwa viko juani, gari lililofika ni moja, huyo karidhia au kaishiwa njia? Mbona lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya nchi, na Wakala wa Vipimo kila siku wanaikemea, kama ni jambo la ridhaa? Na la Uislamu wa mkulima ndio limenishtua zaidi. Sura ya 83 inawapa ole wapunjao, wale ambao wakijipimia kutoka kwa WATU wanataka kijae na wakiwapimia wao wanapunguza. Imesema watu, haikusema Waislamu. Kaumu ya Nabii Shuaib kule Madyan walionywa kuhusu vipimo hivi hivi, hawakusikia, wakaangamia.

Marehemu bibi yangu alikuwa akiuza unga wa muhogo kwa pishi, akishajaza anasawazisha kwa kiganja halafu anachota kidogo tena anaongeza juu, hata mteja akiwa mtoto aliyetumwa, hata akiwa anatazama pembeni. Sikuwahi kumsikia akilitaja neno taqwa.

Kijana_wa_Fuso
Da Binti umeniliza. Sasa nifanyeje, niache kazi? Nina mke na mtoto, na faida anachukua bosi mimi napata mshahara tu.

AbuuSumaya
Faida kachukua yeye ila kalamu ulishika wewe. Allah anasema saidianeni katika wema na taqwa, wala msisaidiane katika dhambi na uadui (5:2). Anza kwa kumwambia bosi mnunue kwa mizani, akigoma tafuta kazi nyingine huku umenuia kweli kutoka. Aya ya 65:2 inaahidi anayemcha Mungu hufanyiwa njia ya kutokea, lakini isikufanye udhani utaamka kesho una gari lako, pengine utabanwa kwanza. Na 64:16 inasema mcheni kadiri muwezavyo, basi usikate tamaa.

Ila la yule mzee halingoji bosi. Toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, na haki ya mtu inarudishwa kwa mwenyewe. Ambao kweli huwapati tena, wanazuoni wengi wanasema utoe sadaka kwa niaba yao. Anayepatikana ni yeye mwenyewe, lipa unachoweza, kwa awamu, au umwombe akuhalalishie bila kumficha kitu.

Kijana_wa_Fuso
Allah awalipe. Nimefungua daftari sasa hivi, namba yake ipo, na ile 7 nimeiona, nilikuwa nimeipigia na mstari chini. Magunia 3 kwa mshahara wangu ni kama miezi miwili nikijibana. Nampigia kesho nikitoka alfajiri, sijui nitaanzaje kusema.

BintiPemba
Anza na shikamoo.