Senna: jasiri au kichwa ngumu tu? Tupeane uzoefu

Fundi Maweni: Leo asubuhi nimefungua breki za tuktuk moja, nyuma imechorwa kofia ya njano na kuandikwa SENNA. Namuuliza kijana, huyu Mbrazili wa mbio za magari za Formula 1 wamjua? Ananambia, si ni jina la bosi? Nilicheka mpaka spana ikaniponyoka. Sa nyinyi mliokuwa Malindi miaka ile njooni hapa. Mi nasema kipaji chake sijakiona tena ila ule ukaidi ulikuwa mbaya. Na kama ushawahi kubebwa na dereva wa aina ile, mwaga.

Konda Mstaafu: Kubebwa?? Nilishuka nimemaliza dua zote nazozijua 😂

Babu Casuarina: Umenikumbusha mbali mwanangu. Tarehe 1 Mei 1994, Jumapili, mi nikiosha vyombo hoteli moja ya Mtaliano, kuna dishi, wageni wamejaa baa kuangalia mbio za Imola, kule kwao Italia. Na hao Wataliano Senna walikuwa hawamtaki, wao ni Ferrari, akishinda yatatoka matusi ambayo sisi wa jikoni tuliyajua kabla hata ya buongiorno. Lakini siku ile baa ilikuwa kimya kama matangani, maana Ijumaa dereva mwenzake Barrichello kapaa ukutani akapona, Jumamosi Ratzenberger yule wa Austria akafa. Saa tisa na robo hivi natoka na trei ya glasi, mzunguko wa saba, Senna mbele Schumacher nyuma, nikaona gari imefika Tamburello haikati kona. Imenyooka tu mpaka ukutani. Mi nikajua atatoka, si ndio kawaida yake. Kichwa kikacheza kidogo, mzee mmoja akapiga makofi, yuko hai yuko hai! Kumbe kipande cha sasipenshani kishampiga kichwani zamani. Nimesali magharibi narudi, hakijapita kitambo habari zikaja kuwa amekufa, nikamkuta yule mzee, yule yule aliyekuwa akimtukana kila Jumapili, amekaa mchangani viatu mkononi analia kama mtoto. Hakuna aliyekula, sufuria nzima ya tambi tukagawana tukapeleka majumbani. Baadaye ndio tukasikia ndani ya gari kulikuwa na bendera ya Austria, alitaka kuipeperushia Ratzenberger. Mtu amejua jana mwenzake kafa hapa hapa na bado anaingia, mi hata leo sijui nimwite nani.

Zulekha: Pole babu. Nimesisimka.

Mkweli Mchungu: Mnamtakasa sana marehemu. Suzuka kule Japani 1990 alimgonga mpinzani wake Prost kona ya kwanza, mwaka uliofuata akakiri mwenyewe alikusudia. Alijua wote wakitoka bingwa ni yeye. Mbio zile unamgonga mtu, huo ni ushujaa au ni roho mbaya?

Tanga Mbili (Amu): Na 1989 hapo hapo Suzuka waliisahau? Waligongana, yeye akarudi akashinda, wakamfuta, Prost akabeba ubingwa. Mtu umemdhulumu hivyo utarajie mwakani akuletee halua?

Mkweli Mchungu: Kwa hiyo ukiibiwa kuku wachoma mtaa.

Tanga Mbili (Amu): Kuku!! Ubingwa wa dunia huo yakhe. Halafu mtu wa roho mbaya Spa kule Ubelgiji 1992 angesimamisha gari yake mazoezini akakimbia kwa miguu kumshika kichwa dereva mwenzake Comas aliyegonga akazirai, na kumzimia injini? Na mvua je? Monaco 1984 ameanza wa 13 na kale kagari ka Toleman akamaliza wa pili, na alikuwa amfikia Prost wakasimamisha mbio. Nahodha hupimwa kusi likivuma.

Mama Tabu: Nyie kaeni na Suzuka yenu. Mimi Senna wangu alikuwa wa matatu ya Garsen. El Nino ile ya 1997 narudi Malindi, mtoto yuko mgongoni anachemka homa, tukakuta maji yamekata barabara, magari yamepanga foleni, madereva wavuta sigara. Kijana wetu, twamwita Senna kwa mbio zake, akavua viatu akaingia majini na kijiti, polepole mpaka ng'ambo, akarudi akasema shukeni nyote isipokuwa wenye watoto. Tulivuka maji yakiingia mlangoni na yeye hata haongei. Usiku tukawa hospitali, mtoto leo ana watoto wake. Sasa sikilizeni, haikupita miezi miwili, huyo huyo, barabara kavu, mchana kweupe, anagombania abiria na mwenzake, akapindua gari karibu na Gongoni. Alipona ila mguu haukurudi.

Babu Casuarina: Wallahi hiyo ni Monaco 1988! Ameongoza karibu dakika nzima, hakuna wa kumkimbiza, wamwambia punguza, akajigonga ukutani mwenyewe akaenda zake nyumbani.

Zulekha: Mama Tabu huyo dereva yuko wapi sasa?

Mama Tabu: Yupo. Auza madafu. Ukimtajia gari ananyamaza.

Konda Mstaafu: Ushauri wa bure, dereva akizidisha sema "shusha hapa".

Zulekha: Ukisema hivyo ndio aongeza. Mi hukaa nyuma yake najifanya nataka kutapika, hupunguza mwenyewe.

Tanga Mbili (Amu): Hamieni Amu. Punda hana gia ya tano.

Mkweli Mchungu: Na bado 1990 ilikuwa makusudi.

Fundi Maweni: Jamani yule kijana wa tuktuk amerudi sasa hivi. Ataka breki nizilegeze, ati zashika sana.