Naomba ushauri: mtoto anauliza kama baba atarudi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Poleni na majukumu.

Mume wangu alilala mapema mwaka huu baada ya kuugua figo, tukamzika Lang'ata. Naishi Umoja, hapa Nairobi, na watoto wetu wawili. Naamini ufufuo kwa moyo wote. Bila tumaini hilo sijui ningeamkaje asubuhi. Lakini nalia sana, hasa jioni matatu zikishusha watu wakitoka kazini na mlango wetu haubishwi.

Baadhi ya akina mama wa ushirika wananiambia machozi yangu yanaonyesha imani haba. Hilo linaniumiza. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na tumaini. Sioni mahali alipowakataza kuhuzunika. Na Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, hali akijua atamfufua.

Nimezungumza na mchungaji, akaniombea vizuri, ila kinachonishinda ni kitinda mimba wangu wa miaka sita. Nilimwambia baba yuko kwa Yesu na tutamwona tena. Sasa kila Jumapili anataka tumwekee chakula, kwa kuwa "tutamwona."

Waliofiwa na wenzi wao, nisaidieni: mtoto wa umri huo nimweleze vipi kifo bila kumvunjia tumaini? Na je, kuna anayejua kikundi cha wajane upande huu wa Eastlands ambapo mtu anaweza kulia na kuomba bila kukemewa? Nitashukuru sana.