OSGi kwa nyumba yenye vihisi
Mwulizaji, Moshi: Ndugu wataalamu, ninaunganisha vihisi vya joto na mwendo katika nyumba ya wageni hapa Shanty Town. Je, OSGi, yaani mfumo wa kujenga programu za Java kwa moduli (vipande) zinazojitegemea, itafaa, ikizingatiwa kwamba vifaa hupotea na kurudi kila umeme unapokatika?

Jibu la 1: Itafaa, ilianza mwaka 1999 ikilenga hasa vifaa vya nyumbani. Kila moduli huwashwa na kuzimwa bila kusimamisha mfumo mzima, nayo huandikisha huduma zake kwenye rejista (orodha ya huduma zilizopo), hivyo kihisi kikipotea na huduma yake ikafutwa, moduli ya taa huarifiwa badala ya kukwama.

Jibu la 2, Arusha: Naongezea, mkuu: rejista hiyo huishi ndani ya mashine pepe moja ya Java (programu inayoendesha Java). Vihisi vidogo visivyobeba Java viunganishwe kwa MQTT, itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe, kisha moduli moja iviwakilishe. Tazama kwanza openHAB, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani, iliyojengwa juu ya OSGi.