Nesi aliyesoma kwa Kiingereza, apimwe Kiingereza tena? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hoja hii itanichongea kwa pande zote mbili, lakini acha niiweke mezani. Mimi ni nesi. Diploma nilisomea Tanzania, sasa nimesajiliwa Uingereza na niko wodi ya wazee. Msimamo wangu ni huu: mtihani wa vitendo tunaopewa kule ubaki, tena ubaki mgumu vilevile. Mtihani wa Kiingereza kwa mtu aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza ufutwe.

Kwa wasioujua utaratibu: Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, linataka baraza la nyumbani likuthibitishe, ufaulu mtihani wa kompyuta uitwao CBT, yaani hesabu za dawa na maarifa ya uuguzi, ufaulu OSCE, ambao ni wa vitendo na unafanyika Uingereza kwenyewe, na uonyeshe kuwa lugha unaijua. CBT ni pauni 83, kukaguliwa maombi 140, OSCE 794, kusajiliwa 153. Hizo ni pauni 1,170, zaidi ya shilingi milioni tatu za kwetu, na hapo hujagusa mtihani wa lugha, viza wala nauli. Waajiri wengi wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hulipia OSCE ya kwanza. Aliyekwenda kivyake anajua mwenyewe atakavyozipata.

OSCE naitetea kwa sababu inapima kazi. Ina vituo kumi. Unaingia, unanawa mikono, unajitambulisha, unauliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na bangili ya mkononi, unauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Ukilisahau swali hilo la mwisho kwenye kituo cha dawa, umeanguka, hata uwe na mikono ya dhahabu. Nyumbani tulizoea kuita kwa namba: "Kitanda cha tisa, dawa!" Na kitanda cha tisa wamelala wawili. Wenzetu wengi wanaona kupimwa upya baada ya miaka kumi kazini ni dharau. Mimi sioni hivyo. Tabia ya kuita kwa namba lazima ikutoke kabla hujamshika mgonjwa wa watu.

Sasa njoo kwenye lugha. Wanataka IELTS ya kitaaluma, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza: 7 kusoma, 7 kusikiliza, 7 kuongea, 6.5 kuandika. Kuandika kulikuwa 7 hadi mwishoni mwa 2018, wakaona wenyewe kunafungia nje watu wanaohitajika. Na unaandika nini? Unaeleza grafu, kisha unatunga insha ya maneno 250 kuhusu mada yoyote watakayoamua, usafiri wa mijini au vijana na simu. Tangu nianze kazi hakuna mgonjwa aliyewahi kuhitaji insha yangu kuhusu usafiri.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Baraza linakubali kozi iliyofundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza iwe ushahidi wa lugha, ila linataka angalau asilimia 75 ya mazungumzo na wagonjwa wakati wa mafunzo nayo yawe kwa Kiingereza. Nesi wa Mwanza ataongeaje Kiingereza na bibi aliyetoka Ukerewe? Akifanya hivyo hafai kuwa nesi! Kwa hiyo anayemwuguza mgonjwa vizuri, kwa lugha anayoielewa, ndiye anayekosa sifa. Ila aliyesomea Jamaica anapita, maana Jamaica imo kwenye orodha ya nchi za Kiingereza, ingawa wodini wanazungumza Kipatwa, lugha yao ya nyumbani, kama sisi tunavyozungumza chetu.

Mtakumbuka Wakenya. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya. Novemba mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani kwamba kati ya manesi 300 waliopimwa Kiingereza, waliofaulu ni 10 tu. Watu wakacheka wiki nzima. Mimi sikuona cha kuchekesha. Watu hao wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wakafaulu mitihani ya baraza lao kwa Kiingereza. Ama elimu yote hiyo ni bure, ama kipimo kinapima kitu kingine. Karibuni.

Nipo Zamu, Birmingham

Dada, kwa heshima zote, hapana. Wewe uko wodi ya wazee, mimi niko dharura. Saa tisa usiku maabara inapiga simu: potasiamu ya mgonjwa iko juu. Anayepiga ni mtu wa Glasgow, anasema kama anakimbizwa. Unatakiwa upokee namba, uirudie asikie, uandike, umwite daktari, umfunge mgonjwa mashine ya moyo. Hapo huwezi kusema "naomba rudia" mara nne. Nimemwona mwenzetu mmoja akisema "ndiyo, ndiyo" kwenye simu, kisha ananigeukia: "Amesemaje?" Cheti cha Kiingereza cha chuo alikuwa nacho.

Hiyo hoja ya kusoma kwa Kiingereza tangu msingi tuiache. Sote tunajua madarasa yetu. Mwalimu anasoma notisi kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, sisi tunakariri.

Mleta mada

Kaka, huyo wa Glasgow hata mtu wa London anamwomba arudie.

Lakini nimekusikia. Kusikiliza na kuongea kupimwe, sawa. Swali langu ni wapi. Kwenye OSCE unaongea na mgonjwa mbele ya mtahini, unaeleza kila unachofanya kwa sauti, mpango wa huduma unauandika kwa mkono, halafu unamkabidhi mgonjwa kwa mwenzako. Asiyejua lugha hatoki salama mle. Kama mtihani wa kazi unapima lugha ya kazi, ule wa insha ya usafiri unaongeza nini zaidi ya ada? Na matokeo yake yanakufa baada ya miaka miwili. Nyaraka zikichelewa kwenye baraza la nyumbani, unalipa tena kuthibitisha kwamba Kiingereza hakijakutoka.

Mgonjwa Kwanza

Naona humu wote ni manesi, niwasemee wagonjwa. Mwaka 2008 huko Cambridgeshire, daktari aliyetoka Ujerumani, zamu yake ya kwanza Uingereza, alimdunga mzee wa miaka 70 dawa ya maumivu mara kumi ya kipimo. Mzee akafa. Ofisi moja ya afya ilikuwa imeshamkataa daktari huyo kwa sababu ya Kiingereza, akaomba nyingine wakampokea, kwa kuwa sheria za Ulaya wakati ule hazikuruhusu baraza la madaktari kuwapima lugha wanaotoka nchi za Umoja. Ilibidi mtu afe ndipo sheria ibadilishwe. Manesi wa Ulaya walianza kudaiwa Kiingereza mwaka 2016. Leo mnataka tulegeze?

Na msisahau 2023, baraza la wauguzi lilipogundua udanganyifu wa CBT kwenye kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria. Watu walimaliza mtihani kwa kasi isiyo ya kawaida. Ukiacha mlango mmoja wazi, watu wanapitia huohuo.

Mleta mada

Mfano wako wa 2008 ni mzito, ila usome mpaka mwisho. Mwenyewe alijitetea kwamba alikuwa amechoka na dawa ile hakuizoea, kwa sababu Ujerumani haitumiki. Hilo ni suala la dawa na uchovu. Kuna mtu anaweza kuandika insha tamu ya Kiingereza na bado akachanganya vichupa viwili. Kinachomkamata huyo ni kituo cha dawa, ambacho mimi nasema kibaki.

Kijana wa Eldoret

Habari zenu. Mimi ndiye mnayemzungumzia. Nina diploma, nina leseni ya baraza la Kenya, nimefanya wodi ya upasuaji na ya wazazi. IELTS nilipata 7.5 kusikiliza, 7 kuongea, 7 kusoma, kuandika 6. Nusu alama. Kwa hiyo nusu, kila kitu kimesimama.

Siku nzima naongea Kiswahili, na wazee wakija kutoka mashambani naongea nao Kikalenjin, kwa sababu hawajui kingine. Ripoti zote naandika kwa Kiingereza: amelala vizuri, mkojo mililita kadhaa, kidonda kikavu, anakula. Daktari anasoma anaelewa. Sijawahi kuulizwa aya ya hitimisho iko wapi.

Pia Mgonjwa Kwanza, usituunganishe na Ibadan. Kuna waliolazimishwa kurudia ile CBT bila ushahidi wowote dhidi yao, kisa walikalia kituo kilekile.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Nimefundisha wauguzi maisha yangu yote ya kazi. Sina shida na mtihani wa Kiingereza. Ningekuwa na uwezo ningeufanya uwe mgumu maradufu.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, orodha ya 2023 yenye nchi 55. Uganda imo, Rwanda imo, Burundi na Kongo zimo. Uingereza inasema haiajiri kwetu kwa makusudi, lakini mtu akiomba mwenyewe wanampokea. Sasa huo ni mlango gani unaofungwa huku umeegeshwa? Tunamfundisha mtoto kwa kodi ya mkulima wa mahindi, anazoea kazi, anaondoka. Nigeria mwaka 2024 walisema hakuna barua ya uthibitisho mpaka umefanya kazi miaka miwili nyumbani. Manesi waliandamana, lakini mimi naliona wazo hilo lina akili.

Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Hilo la kodi ya mkulima linaniuma, wala sitalikwepa. Lakini wapo wahitimu wenye leseni wanaokaa nyumbani mwaka wa pili na wa tatu wakisubiri ajira za serikali, na huku wodi hazina watu. Huyo ukimzuia asiende Uingereza hujampa mgonjwa wa Moshi nesi, umempa dada mwenye duka la vocha. Ninyi walimu mnawajua kuliko mimi.

Halafu mwalimu, kuutumia mtihani wa lugha kuzuia watu wasihame ndiko kunakonitia shaka. Kama lengo ni kuwazuia, mtu atamke hivyo. Tusijifiche nyuma ya insha.

Niko Hannover

Mnalalamikia Kiingereza mlichosoma tangu utoto! Huku Ujerumani nimeanza na herufi. Ili utambuliwe kama nesi kamili unatakiwa Kijerumani cha ngazi ya B2, halafu wanapima elimu yako na ya kwao, wakiona pengo unachagua mafunzo ya kuziba pengo au mtihani. Wakati wote huo unafanya kazi kama msaidizi, unaosha watu, hata dripu hugusi. Nilikuwa nesi wa zamu nyumbani, huku msichana wa miaka ishirini ananielekeza namna ya kutandika. Bado naona lugha ilinisaidia kuliko vyeti. Endeleeni.

Mzee wa Masasi

Mimi si wa fani, ni mgonjwa wa sukari tu. Nauliza. Hospitali ya misheni ninayotibiwa, jina nalihifadhi, wanakuja vijana wa Ulaya kujitolea. Kiswahili chao ni "jambo" na "asante sana". Ananipima, anaongea, mhudumu wa usafi ndiye anatafsiri. Siku moja nimesema mguu umekufa ganzi, nikaona anaandika muda mrefu huku anatikisa kichwa kwa huruma. Sijui aliambiwa nini.

Hao nani anawapima Kiswahili? Mbona huo mjadala sijawahi kuuona?

Mgonjwa Kwanza

Mzee wangu, umenena. Nao wapimwe.

Nipo Zamu, Birmingham

Mzee ameifunga hoja yangu vizuri kuliko mimi mwenyewe. Akipimwa kijana wa Ulaya huko Masasi, nasi tupimwe.

Mleta mada

Mimi naona amefunga yangu! Mzee anataka mtu anayeelewa "mguu umekufa ganzi". Hakusema anataka insha ya Kiswahili ya maneno 250. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu Jamaica.

Kijana wa Eldoret

Mkimaliza kubishana mnisaidie. Nasikia mwaka 2023 walifungua njia nyingine, mwajiri anakuandikia kwamba Kiingereza chako kinatosha, na mtu aliyekosa nusu alama kama mimi anaruhusiwa. Inanifaa?

Nipo Zamu, Birmingham

Ipo, ila ukiwa huko haikufai. Mwajiri huyo lazima awe wa afya au malezi hapa Uingereza, na uwe umemfanyia kazi angalau mwaka mzima. Zamani watu walikuja kama walezi wa wazee, wakafanya mwaka, wakaandikiwa. Viza hiyo ya ulezi imefungwa kwa waombaji wa nje tangu Julai 2025. Wanaonufaika sasa ni walioshaingia.

Wewe dogo achana na IELTS, kafanye OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya. Ni ghali zaidi, lakini kuandika kwake ni barua ya rufaa: unapewa maelezo ya mgonjwa, dakika tano kusoma, arobaini kuandika, basi. Kazi unayoifanya kila siku. Unatakiwa B tatu, na kuandika C+ inatosha. Na ajenti akikuambia ada ya kukutafutia kazi ni kiasi fulani, kimbia. Sheria ya hapa inamkataza kumtoza mtafuta kazi.