Upele baada ya dripu ya pembrolizumab: tiba isimame?

MkaaziKisauni: Asalaam aleikum. Mama ana saratani ya pafu, yuko kwenye pembrolizumab kila wiki 3. Tangu dripu ya pili ametokwa na upele unaowasha mgongoni na mapajani. Majirani wasema kemo (kemotherapia) imemkataa. Tulimpaka liwa, mwasho ukazidi. Dripu ya tatu ni Jumatatu. Aende?

NesiTudor: Waaleikum salaam. Hiyo si kemo, ndugu yangu. Dawa hii huziondolea seli T, askari wa kinga ya mwili, breki iitwayo PD-1 ili zishambulie saratani, na zikishaachiwa hazichagui sana. Ngozi nayo hupigwa. Pimeni kwa kiganja cha mama mwenyewe, pamoja na vidole: kimoja ni kama asilimia 1 ya mwili. Upele ukiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida tiba huendelea. Kati ya 10 na 30 daktari huamua. Ukizidi 30, dripu husubiri. Ngozi yetu nyeusi msiitafutie wekundu: tazameni zambarau au kijivu, kisha pitisheni mkono. Daktari wake ajue leo, si Jumatatu mlangoni.

MkaaziKisauni: Viganja 8. Daktari kaandika krimu ya steroidi, betamethasone, tumepewa tyubu moja ya gramu 15.

FamasiMvita: Haitafika mbali. Krimu ya kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza ni nusu gramu, yatosha viganja viwili. Kwa viganja 8 ni gramu 2. Mara mbili kwa siku, gramu 4. Siku ya nne tyubu imekwisha! Wengi hupaka kwa ubahili, kisha husema dawa haifanyi kazi. Usoni na kwapani msiipake, ni kali. Liwa na sabuni za manukato wekeni kando. Akishaoga apakwe mafuta mazito yasiyo na harufu, ngozi ingali na unyevu.

NesiTudor: Mkiona malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, homa, au ngozi inauma na kubanduka, ni hospitali usiku huohuo. Kuna malengelenge yaliyojaa maji na kukaza yanayokuja miezi baadaye, hata dripu zikiwa zimekwisha, na mwasho huyatangulia. Hapo hukatwa kipande cha ngozi kando ya lengelenge, na kile cha kupima kingamwili hakitiwi kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, kitaharibika. Vidonge vya steroidi, prednisolone, msijinunulie. Daktari akivianzisha, hupunguzwa polepole kwa wiki 4 au zaidi. Vikikatwa ghafla upele hurudi.